Tumbaku Iliyoota Ukungu

Simu ya kunijulisha kwamba Mama Skola amefariki ilinikuta sokoni, nimeshika kiganja cha maharage nikiyanusa. Ndiyo tabia yangu. Sinunui kitu kabla sijakipeleka puani, na wauzaji wa soko hili la Sumbawanga wameshanizoea, wananiita mama mkaguzi. Nimefanya kazi maabara zaidi ya miaka thelathini, nikipima makohozi na vinyesi vya watu waliokuja wakiapa kwamba hawana tatizo lolote, na kazi hiyo haimfundishi mtu kuamini. Aliyepiga simu alikuwa Skola mwenyewe, binti wa marehemu. Alisema maziko ni kesho yake huko Matai, kwamba namba yangu ameikuta kwenye daftari la mama yake, na kwamba ananijulisha tu, si lazima niende. Hiyo "si lazima" ilinichoma. Nilisimama pale na maharage yangu mkononi nikijiuliza huyu mtoto anajua nini, na mama yake alimwambia nini, na kwa nini namba yangu ilikuwa kwenye daftari lile wakati sikumpa mimi. Niliishi na Mama Skola nyumba moja kwa miezi saba tu, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini, na katika miezi hiyo nilimtendea jambo ambalo sikuwahi kulisema popote, hata kwa padri.

Nyumba yenyewe ilikuwa Milanzi, ya matofali ya kuchoma, na bati lake lilipiga kelele kila upepo ulipovuma, na mwezi wa sita upepo wa huku juu huvuma kwelikweli. Nilikuwa nimepata kibarua cha kuosha vioo vya maabara katika kituo kimoja cha afya mjini, nikapanga chumba kwa Bibi Desderia, mwanamke wa miaka sitini hivi aliyekuwa akiuza tumbaku ya kienyeji sokoni. Mlango wangu ulitazamana na stoo ya tumbaku, na harufu yake iliingia kwenye blanketi, kwenye nywele, hata kwenye mkate niliofunika kwa sahani. Chumba cha nyuma alilala Mama Skola, jina lake Oresta, mjane wa mdogo wake Bibi Desderia, mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi. Alikuja kumsaidia wifi yake, akamwacha binti yake wa miaka minane Matai kwa mama yake mzazi. Yeye ndiye aliyepika, aliyechota maji na aliyeitunza tumbaku, na mimi tangu wiki ya kwanza sikumpenda. Sababu ni kwamba hakuwa mtu wa maneno. Mtu akila nawe kimya siku tatu mfululizo, nawe ni kijana, unaanza kuujaza ule ukimya kwa mawazo yako mwenyewe, na mawazo yangu tangu zamani hayakuwa mazuri.

Wakulima walileta tumbaku ikiwa majani makavu yaliyofungwa matita. Jani kavu ukilisokota linapukutika, kwa hiyo lazima lilainishwe kwanza. Mama Skola alijaza maji mdomoni akayapuliza juu ya majani, kama fundi cherehani anayenyunyizia nguo kabla ya kuipiga pasi, halafu akayasokota kuwa kamba nene, akaziviringa na kuzifunika kwa magunia ili ziive. Baada ya siku chache, ukiingiza mkono chini ya gunia ulikuta joto. Bibi Desderia alilisifu joto lile, akisema tumbaku iliyopata joto ndiyo inayokuwa kali, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni kitu gani kinaishi mle ndani mpaka kikatoa joto. Sokoni Bibi alikuwa na utaratibu ambao wauzaji wa rika lake wote waliufuata, kama muuza pombe anavyotangulia kunywa mbele ya mteja. Kila alipokata msokoto mpya, kipande cha kwanza alikisokota kwenye karatasi ya daftari, akakiwasha, akavuta mpaka kifua kikajaa huku mteja anamtazama. Akishatoa moshi puani alisema, "Umeona? Haina mkono wa mtu." Hapo ndipo mteja aliponunua. Watu wa mikoa mingine hututania kwa mambo haya ya uchawi, na wapo ambao nikisema natoka Sumbawanga wananipisha kwenye foleni. Wacheke tu. Utaratibu ule ulikuwa wa heshima, na ulifaa sana kama unachokitafuta ni sumu ya kumwangusha mtu palepale.

Mvua zilipoanza, Bibi Desderia alianza kukohoa. Kwanza tulidhani ni baridi. Kufika Krismasi alikuwa akiamka kifua kinapiga filimbi, na kutoka nyumbani hadi kituo cha mabasi alipumzika mara mbili. Tulikuwa tukila jikoni, watatu kwenye vigoda kuuzunguka ugali wa ulezi, na maharage, au migebuka iliyopandishwa kutoka ziwani, na Bibi alitia tonge mdomoni kisha akageuka ukutani kukohoa mpaka sisi wawili tukaacha kula. Jirani yetu Mama Zuhura, aliyekuwa na duka la vitenge barabarani, alipita karibu kila jioni kumjulia hali. Siku moja nilikuwa chumbani kwangu, na ukuta wa nyumba ile haukuficha kitu.

"Dada Desderia, hivi unakula chakula cha nani humu ndani?"

"Cha wifi yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu alipofika, mwaka jana."

"Haya. Mimi sijasema kitu."

Na kweli hakusema kitu kingine, alihamia kwenye habari za bei ya sukari. Lakini mimi tangu siku ile nikaanza kumtazama Mama Skola mikono. Nilihesabu amekoroga sufuria mara ngapi, nilimsubiri ale yeye kwanza, na siku nyingine nilidanganya kwamba nimeshiba kazini, nikalala na njaa. Leo nikikumbuka nacheka kwa aibu. Ule ugali ulikuwa kitu safi kuliko vyote vilivyokuwamo katika nyumba ile.

Asubuhi moja ya Januari nilitoka kwenda msalani nikamkuta Mama Skola nyuma ya choo na jembe. Alikuwa amechimba shimo fupi. Akaweka ndani kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akafukia, akakanyaga udongo, akaondoka bila kuniona. Wiki ile nilimwona tena mara mbili. Ya tatu nilingoja aende kisimani, nikafukua kwa kijiti. Kulikuwa na msokoto wa tumbaku yetu, nao ulikuwa umeota manyoya, meupe huku na ya kijani kule, marefu kama ya paka. Mimi ambaye kila siku nilishinda katikati ya vioo na hadubini, niliyesikia neno fangasi mara kumi kabla ya chai, niliona manyoya yale nikasema moyoni kwamba hii ni dawa. Nilirudisha udongo haraka nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Nililisema Jumapili baada ya misa, mchana, tukiwa tunakula. Mama Zuhura alikuwapo, ametuletea maandazi. Bibi alikuwa amekohoa sana na kitambaa chake kilikuwa na mistari ya damu, na nadhani ile damu ndiyo iliyonifungua mdomo.

"Bibi," nikasema, "muulize Mama Skola anafukia nini nyuma ya choo."

Mama Skola aliweka tonge chini. "Tumbaku iliyoharibika, wifi."

"Tumbaku yangu imeharibika?"

"Imeota ukungu. Nimekwambia mara mbili tuianike, ukasema ikianikwa inapoteza ukali. Ukasema niikung'ute niirudishe. Sasa nikiikung'uta, wa kwanza kuivuta ni wewe."

"Na iliyoharibika ndiyo inazikwa imevikwa kitambaa?" akauliza Mama Zuhura. "Jalalani hukuona?"

"Jalalani watu wataiokota waivute."

Jibu lilikuwa hilo. Lilikuwa jibu kamili, la mtu mwenye akili na huruma, na lilisemwa polepole mbele ya watu watatu. Niliona Bibi Desderia anasitasita. Alikuwa ameudhika kuambiwa tumbaku yake ni mbovu mbele ya jirani, lakini alikuwa anafikiri, na kama ningenyamaza angemuamini. Sikutaka amuamini. Nilikuwa nimemshuku kwa miezi, nimelala na njaa kwa ajili yake, na sasa ningeonekana mpumbavu. Nikasema, "Mimi nilimsikia anatamka maneno wakati anafukia. Alikuwa analitaja jina lako, Bibi." Hakuwa ametamka neno lolote. Mama Skola alinitazama kwa mshangao, bila hasira, kama mtu aliyetajiwa kijiji asichokijua, kisha akainuka akaanza kukusanya vyombo.

Aliondoka Jumanne kwa lori lililokuwa likienda Kasanga kupitia Matai. Majirani walisimama milangoni, hakuna aliyembebea hata ndoo. Bibi Desderia alijifungia chumbani. Mimi nilikuwa uani nafua, na Mama Skola aliponipita na mzigo wake kichwani alisema, "Leokadia mwanangu, jua likitoka yaanike yale magunia, na misokoto uifunue ipate hewa. Usimwachie wifi avute ile ya chini." Nikaitikia. Moyoni nikasema, ahaa, anataka niishike mimi sasa, dawa ihamie kwangu. Sikuyaanika magunia hata siku moja.

Kazi ya tumbaku ikawa yangu, asubuhi kabla ya maabara na jioni nikirudi. Sikutaka kupuliza maji kwa mdomo, niliona ni mambo ya Mama Skola, kwa hiyo nilimwagia kwa bakuli. Magunia niliyatoa, nikafunika misokoto kwa nailoni niliyoona ni safi zaidi. Joto chini ya ile nailoni lilikuwa kubwa na Bibi alifurahi. Alikata, akasokota, akavuta mbele ya wateja wake kila siku ya soko, na kila wiki alikonda. Kufika mwezi wa tatu alikuwa akilala ameketi, ameegemea mito. Mama Zuhura alisema mchawi akiondoka kwa hasira kazi yake huwa kali zaidi, nami nilitikisa kichwa kukubali huku nikianza kuogopa, kwa sababu nilijua kwamba lile neno langu la Jumapili lilikuwa uongo, na kama lile lilikuwa uongo basi huenda na mengine yote.

Nilipeleka makohozi ya Bibi maabara asubuhi tatu tofauti. Mkuu wetu alikuwa Bwana Fulgensi, mtu mfupi, mpole, aliyefunga tai hata siku za kupima vinyesi. Alitafuta vile vijiti vyekundu vya kifua kikuu kwenye vioo vyote vitatu, hakuviona. Siku ya tatu akaacha ile rangi ya kuonyesha vijiti, akaweka makohozi yaliyobaki kwenye kioo kwa njia nyingine, akakaa kwenye hadubini muda mrefu, kisha akaniita nitazame. Niliona nyuzi, nyembamba, zenye vifundo na matawi, kama mizizi ya nyasi uliyoing'oa.

"Huyu bibi yako anafanya kazi gani?"

"Anauza tumbaku."

"Anavuta?"

"Anaionja. Kila msokoto."

Bwana Fulgensi alivua miwani. "Niletee huo msokoto."

Nilileta wa chini kabisa, na nilipoufunua mezani mfuko ulitoa vumbi la kijani. Alichemsha viazi mviringo, akakata vipande vitatu, akaviweka kila kimoja kwenye sahani ya kioo yenye kifuniko. Cha kwanza alikiacha kama kilivyo. Cha pili alikipukutishia chembe za tumbaku. Nikamuuliza kwamba kwani mtu anaimeza, si anaiwasha, na moto si unaua kila kitu? Akasema hilo ndilo swali zuri la kwanza kumuuliza tangu nije. Akasokota sigara kwa karatasi ya daftari, akaichomeka kwenye bomba la sindano kubwa, akaiwasha, akauvuta moshi kwa sindano na kuupuliza juu ya kipande cha tatu, mara nyingi, mpaka chumba kikatufukuza. "Moto uko kwenye ncha," alisema tukiwa nje tunapunga hewa. "Sehemu iliyo karibu na mdomo haijaungua, na moshi unapita humo humo ukikokota kilichomo."

Siku ya nne tulifunua. Kiazi cha kwanza kilikuwa kimekauka tu. Cha pili huwezi kukiona kiazi, kimevaa kijani na nyeusi. Cha tatu, cha moshi, kilikuwa na madoa saba. Niliyahesabu, kila moja lina manyoya meupe pembeni na kijani katikati. Bwana Fulgensi alinionya kwamba hawezi kuapa kwa hadubini ile kwamba hawa wa kiazini ndio wale wa kifuani, na kwamba kuna bakteria pia kwenye jani ambao hata wakifa kwa moto mabaki yao huwasha mapafu. "Mimi nasema ninachokiona," alisema. "Aache hiyo tumbaku, apelekwe kwa daktari, tuone." Mimi sikuhitaji zaidi. Nilikuwa nayatazama yale manyoya, na nilishayaona mahali.

Nilimweleza Bibi Desderia jioni ile, yeye kitandani, mimi sakafuni. Nilimweleza kuhusu viazi na nyuzi, na kwamba Mama Skola alikuwa akiitoa tumbaku mbovu ili yeye asiionje. Sikumweleza kuhusu maneno niliyodai kuyasikia.

"Kwa hiyo Oresta hakuwa na kitu."

"Hakuwa na kitu, Bibi."

"Usiseme nje," akasema. "Wakisikia, watasema miaka yote nimewauzia uozo." Nami nikaona ni afadhali, afadhali sana, kwa sababu siri yake ilikuwa imeifunika ya kwangu.

Kesho yake tulitoa tumbaku yote stoo, tukaifukia. Nilichimba mimi, Bibi akiwa ameketi kwenye kigoda kivulini. Mama Zuhura akachungulia juu ya ua akauliza tunafanya nini. Bibi Desderia, bila hata kunitazama, akajibu, "Tunafukia aliyoyaacha yule." Jembe lilikuwa mikononi mwangu. Niliendelea kuchimba. Na Bibi akapona; aliandikiwa dawa, akaacha kuvuta, akahamia kwenye biashara ya ulezi, kifua kikabaki na filimbi kidogo mpaka uzee ulipomchukua miaka mingi baadaye. Mtaa mzima ukapata ushahidi wake. Mwanamke yule ameondoka, vitu vyake vimefukiwa, mgonjwa amepona. Ungetaka nini tena? Hata mimi, kama nisingejua, ningeamini.

Bwana Fulgensi ndiye aliyenisaidia kupata nafasi ya masomo mwaka uliofuata, na maisha yangu yote ya kazi yalitokana na vile viazi vitatu. Nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi, nikimwacha Mama Skola nje ya hadithi. Siku hizi vijana hawasokoti, wanavuta ya pakiti na kudhani ni safi kwa sababu imevikwa karatasi inayong'aa. Mwanangu mwenyewe alinionyesha pakiti akaniambia, "Mama, hii imetoka kiwandani." Niliinusa. Nimemwambia kwamba jani ni jani, lilitoka shambani na udongo wake na wakazi wake, lilikaa ghalani likapata joto, na hakuna anayelipika kabla ya kulikata. Akaniambia ninashuku kila kitu. Ni kweli. Mtu pekee niliyepaswa kumshuku mwaka ule nilimwacha, naye alikuwa analala chumba kinachotazamana na stoo.

Nilikwenda Matai. Watu msibani walikuwa wachache, wachache kuliko ilivyo kawaida kwa mama wa umri ule, na waliochimba kaburi walikuwa vijana wa kulipwa. Nilipanga nisimame niseme mbele ya wote, lakini padri alimaliza, udongo ukashuka, na mimi bado nimeshika pochi yangu. Baada ya chakula nikamwomba Skola tuketi pembeni ya nyumba. Ni mwalimu, mama mzima sasa, mrefu kama mama yake. Nilimweleza yote, kuanzia kwenye ukimya mpaka kwenye madoa saba. Nilimwambia mimi ndiye niliyetunga yale maneno, kwamba mama yake hakufanya lolote ila kumkinga wifi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Asante, mama," akasema. "Leo watu wamejitahidi sana kunifariji."

"Sikufariji, Skola. Nilisema uongo."

"Mama alikuwa mwema kwangu, usidhani nalalamika. Ila mimi nilijua tangu niko darasa la pili. Shuleni waliniambia alifukuzwa Sumbawanga kwa sababu gani." Alizungumza kwa upole, kama anayemwelewesha mgonjwa. "Wanangu sikuwahi kuwaleta wakalala hapa hata siku moja. Alikuwa ananiomba kila likizo, mimi naahirisha. Wamekua hivyo."

Nikamshika mkono, nikarudia tena, kiazi kwa kiazi. Alinitazama kama mtu anayejiuliza ninataka nini kwake.

"Mama, hayo yameisha. Wiki iliyopita nilikaa naye pale kitandani, nikamwambia, mama, yale yote nimekusamehe."

"Akasemaje?"

"Akasema asante, mwanangu."